Barua ya Wazi: Tumbaku Itoke Kwenye Kaunta za Dawa Dodoma

Kwenu Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya kusajili, kukagua na kusimamia famasi na maduka ya dawa muhimu katika Mkoa wa Dodoma na Kanda ya Kati,

YAH: KUSITISHA UUZAJI WA SIGARA, UGORO NA BIDHAA NYINGINE ZA TUMBAKU NDANI YA MAJENGO YALIYOSAJILIWA KUUZA DAWA

Tunawasalimu kwa heshima zote.

Sisi ni wafamasia, wateknolojia wa dawa, watoa dawa na wauguzi tunaofanya kazi katika mkoa huu. Suala hili tulishalifikisha kwa mdomo na kwa maandishi mahali panapohusika, na hadi leo hatujapata jibu tunaloweza kuwaonyesha wenzetu. Ndiyo maana tunaliandika hadharani, tukiamini kwamba nanyi mnalitakia mema taifa hili kama sisi.

Tuseme mapema ili tusimwonee mtu: famasi nyingi za mjini hazijawahi kuweka sigara kwenye rafu, na wamiliki wake wanastahili pongezi. Tunazungumzia maduka ya dawa yaliyo jirani na stendi, kwenye vituo vya minada na katika vijiji ambako duka la dawa na duka la bidhaa ni chumba kimoja, mmiliki mmoja na droo moja ya fedha. Humo utakuta paketi ya sigara imefunguliwa juu ya kioo, kiberiti pembeni, na chini ya kaunta hiyohiyo maboksi ya parasetamo, ORS na vidonge vya uzazi wa mpango. Siku ya mnada huongezeka vifuko vya nailoni vya ugoro, kwa kuwa wazee waliokuja kuuza mbuzi hawaondoki bila kununua.

Hoja zetu ni hizi.

1. Muuza sigara hawezi kuuliza swali ambalo kazi ya kutoa dawa inamtaka aulize.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na tunaomba mlisome kwa utulivu. Kutoa dawa hakuishii kwenye kuhesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha. Mtoa dawa analazimika kumuuliza mteja umri, ujauzito, mzio, dawa nyingine anazotumia, na kama anatumia tumbaku: ya aina gani na kiasi gani. Majibu ya swali hilo la mwisho hubadilisha dawa inayotolewa. Tutoe mifano ya dawa zilizopo kwenye maduka yetu au majumbani kwa wateja wetu.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku hapaswi kupewa kabisa. Akiwa na umri huo na anavuta chini ya 15, bado haishauriwi apewe kama kuna njia nyingine. Sababu ni hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwanamke huyo anatakiwa kuelekezwa kwenye vidonge vya homoni moja, sindano, kijiti au kitanzi. Sasa, mtoa dawa aliyemuuzia sigara asubuhi atamuulizaje jioni kama anavuta? Anajua jibu, na anajua kwamba swali lenyewe linagusa mauzo yake.

Aminofilini, ambayo wagonjwa wengi wa pumu wanaijua vizuri. Moshi wa tumbaku huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hii, hivyo kwa mvutaji inaondoka mwilini haraka zaidi, karibu mara mbili ya kawaida. Anameza dozi ileile na kifua hakifunguki. Hatari nyingine huja pale anapoacha kuvuta: ndani ya wiki moja hivi ini hurudi kwenye kasi yake ya kawaida, dawa inajaa kwenye damu, na mgonjwa anaanza kutapika, moyo kwenda mbio, na ikizidi hupata degedege. Kuacha sigara ni jambo jema, ila kwa mgonjwa huyu kunahitaji dozi kupunguzwa na mtaalamu. Kinachofanya kazi hiyo kwenye ini ni moshi wenyewe, wala si nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu asiweze kuiacha. Kwa hiyo mtumiaji wa ugoro hapati badiliko hilo, na mvutaji wa sigara analipata. Bila kuuliza aina, huwezi kujua.

Dawa za magonjwa ya akili. Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, na wagonjwa wengi wa akili wa kanda hii huendelea na dawa zao wakiwa nyumbani. Olanzapini na klozapini huvunjwa na vimeng'enya hivyohivyo. Mgonjwa aliyepangiwa dozi katika kipindi ambacho havuti, akarudi mtaani akaanza kuvuta pakiti nzima kwa siku, kiwango cha dawa kwenye damu kinashuka. Familia inaona dalili zinarudi na inadhani amekataa kumeza dawa, kumbe anameza kila siku. Inasikitisha sana kufikiria kwamba sigara hizo huenda alizinunua palepale mama yake anapompelekea bahasha ya vidonge ikahakikiwe.

Orodha ni ndefu kuliko hii. Mwenye vidonda vya tumbo anayemeza omeprazo huku anavuta, vidonda vyake huchelewa kupona. Mwenye presha anayetumia amlodipini hupandisha mapigo ya moyo na presha kila anapovuta au kunusa. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye dozi yake ni ya miezi 6, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi iwapo anavuta. Mjamzito anayekuja kuchukua madini chuma na foliki asidi, ikiwa anatumia tumbaku, hata ya kunusa au kutafuna, yupo kwenye hatari ya kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo. Na mtoto wa chini ya miaka 5 aliyeandikiwa amoksilini ya kuyeyuka kwa ajili ya nimonia, analala kwenye chumba ambacho baba anavutia? Hakuna anayeuliza, kwa sababu baba ni mteja wa upande wa pili wa kaunta.

2. Ugoro unachafua dawa.

Wengi huufikiria ugoro kama bidhaa ya kawaida ya kiasili. Huo ni unga mwembamba wa tumbaku, na mara nyingi huchanganywa na magadi. Magadi huongeza ualkali, yaani hali iliyo kinyume cha uchachu, na nikotini inabadilika kuwa katika umbo linalopenya haraka kwenye ngozi laini ya pua na mdomo. Hiyo ndiyo kazi yake: unga unaogusa na kupenya.

Muuzaji huupima kwa kijiko au kifuniko cha soda na kuutia kwenye nailoni. Vidole vinabaki na unga. Mteja anayefuata anahitaji vidonge 21 kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000. Mikono ni ileile, na mara nyingine hata kijiko ni kilekile kinachogusa sinia la kuhesabia. Vidonge visivyo na ganda hushika unga na harufu. Maboksi ya karatasi na bahasha za dawa hunyonya harufu ya tumbaku iliyokaa rafu moja nazo. Kwa joto la Dodoma mwezi wa Novemba, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, kuhifadhi dawa chini ya nyuzi 30 ni kazi ngumu tayari, na nafasi ndogo yenye hewa ilipaswa kuwa ya dawa. Tumekuta katoni za sigara zikipewa rafu ya kati iliyo kivulini na maji ya dripu yakiachwa karibu na dirisha.

3. Watoto wanatumwa huko.

Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Duka la dawa ni mahali ambapo kumtuma mtoto ni jambo la kawaida: "Kimbia kaniletee dawa ya kichwa, na sigara mbili." Kwa kuwa amekuja na hela ya dawa, hakuna anayemuuliza umri. Sigara ya moja moja humfikia mtu bila paketi, na maonyo ya afya yako kwenye paketi. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inazitaka nchi zifanye bidii kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Mahali pa kwanza pa kuanzia ni pale penye leseni ya afya ukutani.

4. Ufunguo uko mikononi mwenu tayari.

Tangu mwaka 2021 usimamizi wa bidhaa za tumbaku umewekwa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Baraza la Famasi ndilo linalosajili wataalamu na majengo ya kutolea dawa kwa Sheria ya Famasi. Hakuna ofisi mpya ya kuunda wala bajeti kubwa ya kuomba. Mkaguzi anayeingia kuangalia tarehe za kuisha kwa dawa anaweza, kwa ukaguzi huohuo, kuangalia kama kuna tumbaku.

5. Anayetaka kuacha hana pa kuanzia.

Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na matibabu ya kuiacha yapo. Tiba ya kurudishia nikotini, yaani nikotini inayotolewa bila moshi kwa bandiko au bazoka, iliingizwa kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Bupropioni na vareniklini, ambavyo ni vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vikafuata mwaka 2021. Duka la dawa lilipaswa kuwa mahali pa kwanza pa kufundishia matumizi yake, kwa sababu dawa hizi zikitumiwa ovyo hazisaidii.

Bandiko la nikotini, kwa mfano: anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na la miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Hubandikwa kila asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na sehemu hubadilishwa kila siku ili ngozi isiwashe. Bazoka (chingamu) ya nikotini ipo ya miligramu 2 na ya 4. Ya 4 ni kwa anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Kosa kubwa ni kuitafuna mfululizo kama bazoka ya kawaida: nikotini inamezwa, tumbo linachafuka, kwikwi zinaanza, na mtu anaitupa siku ya pili akisema haifai. Inatakiwa kutafunwa polepole hadi ihisiwe inachoma, kisha iegeshwe kati ya shavu na fizi, itafunwe tena ikipoa, kwa takriban dakika 30. Dakika 15 kabla yake asinywe kahawa wala soda, kwa sababu uchachu mdomoni huzuia nikotini kupenya. Maelezo haya huchukua dakika 5, na hatujui ni nani mwingine katika vijiji vya Bahi au Chemba anayeweza kuyatoa isipokuwa mtoa dawa.

Sababu tunazozitarajia

Tunajua mtakachoambiwa, na tumekisikia kwa wamiliki wenyewe.

Wa kwanza watasema, "Sigara ni bidhaa halali." Ni kweli. Hata bia ni halali, na hakuna mmoja wenu angeruhusu kreti ziwekwe kwenye chumba cha sindano. Leseni ya dawa ina masharti yake kwa sababu ya kinachofanyika humo ndani.

Wengine watasema mteja atavuka barabara na kununua kwa jirani. Baadhi watavuka. Ila si wote, na jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2014 kampuni ya CVS ya Marekani iliondoa tumbaku kwenye maduka yake ya dawa zaidi ya 7,600, huku ikijua itapoteza mauzo ya karibu dola bilioni 2 kwa mwaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kaya zilizokuwa zikinunua sigara CVS pekee zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 38, wa kuacha kununua sigara. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipiga marufuku tumbaku kwenye famasi tangu mwaka 1994, na jiji la San Francisco mwaka 2008. Famasi za huko bado zipo.

Kuna watakaosema tunahujumu wakulima wa Tabora na Ruvuma. Barua hii haigusi shamba, mnada wa tumbaku wala kiwanda. Inagusa kaunta ya dawa tu.

Watakaotaka kuleta vepu (sigara za kielektroniki) kwa madai kwamba ni dawa ya kuacha sigara, tunawaomba wapeleke madai hayo panapostahili, yaani kwenye usajili wa dawa, wakiwa na ushahidi wa usalama na ufanisi kama bidhaa nyingine yoyote ya tiba. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani haina vepu.

Hoja inayotugusa kweli ni ya kijijini. Mmiliki wa duka la dawa muhimu anasema: faida ya dawa ni ndogo, pango lipo, mshahara wa mtoa dawa upo, na sigara ndiyo inayoleta hela ya kila siku. Hatumpuuzi mtu huyu. Duka lake likifungwa, mama mwenye mtoto anayeharisha atatembea hadi kijiji cha pili. Kwa hiyo tunapendekeza apewe muda, na nafasi ile ijazwe na bidhaa zinazoendana na huduma: pedi, sabuni, miswaki na dawa ya meno, kondomu, mafuta ya watoto, ORS na zinki zilizofungwa pamoja, na upimaji wa presha kwa bei ndogo. Na kama anataka kuendelea kuwa na duka la bidhaa pembeni, awe nalo, likiwa duka lingine kwelikweli.

Tunayoomba

1. Utolewe waraka mmoja wenye lugha isiyo na mwanya, utakaotaja bidhaa zote kwa majina: sigara, ugoro, tumbaku ya kutafuna, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), shisha na vionjo vyake, vepu na vimiminika vyake, na vifuko vya nikotini. Waraka huo ueleze pia kwamba tiba ya nikotini iliyosajiliwa kama dawa haihusiki na katazo.

2. Wamiliki wapewe siku 90. Siku 30 za kwanza wasinunue mzigo mpya. Kufikia siku ya 60, bidhaa ziwe zimeondoka kwenye rafu na kaunta, pamoja na mabango, kalenda na miavuli yake. Siku ya 90 ukaguzi uanze.

3. Mmiliki mwenye duka la bidhaa jirani atenganishe kwa ukuta kamili hadi dari, mlango wake wa nje, leseni yake, droo yake na daftari lake. Dirisha la kupitishia bidhaa kati ya vyumba viwili lizibwe. Mtoa dawa akiwa zamu asihudumie pande zote mbili.

4. Fomu ya ukaguzi iongezwe mstari wa tumbaku. Mkaguzi aangalie stoo, chini ya kaunta na risiti za manunuzi, kwa kuwa juu ya kioo patakuwa pasafi siku hiyo. Kosa la kwanza: onyo la maandishi na siku 14 za kurekebisha. La pili: kibali kisimamishwe. La tatu: kisihuishwe.

5. Swali la tumbaku liingizwe kwenye mafunzo ya watoa dawa na kwenye daftari la wagonjwa, likiwa na sehemu tatu: aina, kiasi kwa siku, na kama mteja angependa kuacha. Liwe na maelekezo mafupi kuhusu dawa tulizozitaja hapo juu na lini mteja apelekwe kituo cha afya.

6. Iangaliwe namna ya kuziwezesha famasi za wilaya zote, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, kuwa na bandiko na bazoka ya nikotini kwa bei ambayo mkulima wa alizeti anaimudu. Leo mtu akiamua kuacha, sigara moja anaipata kwa sarafu na tiba haipati kabisa.

7. Tupate jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina la cheo kitakachofuatilia, na libandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri ili wamiliki na wananchi walisome.

Kwa upande wetu, tuko tayari kuandaa kwa kujitolea rasimu ya waraka, mstari wa fomu ya ukaguzi na somo la saa 2 kwa watoa dawa, na kuyawasilisha siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika utumishi,

Wafamasia, wateknolojia wa dawa, watoa dawa na wauguzi,
Mkoa wa Dodoma

Nakala: Waganga Wakuu wa Wilaya, Wafamasia wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, Watendaji wa Kata zote zenye minada.